Shina Lisilo Letu

Kila tunapoikaribia Meza ya Bwana tunapokea mkate na divai, na ni mara chache tunauliza divai hiyo imetoka wapi. Tunajua imenunuliwa dukani na mzee wa kanisa, basi. Lakini divai yoyote ilikuwa zabibu kwanza, na zabibu zilikuwa tawini, na tawi lilikuwa katika shina ambalo mtu fulani alilitunza kwa miaka mingi. Bwana Yesu alipojiita mzabibu wa kweli, katika Yohana 15, alikuwa akisema na watu walioijua kazi hiyo kwa mikono yao. Wengi wetu hatuijui, isipokuwa ndugu zetu wa Dodoma.

Ndiyo sababu tumeona vema kuandika habari za shamba moja dogo la mizabibu huko Ufaransa, liitwalo Romanée-Conti. Historia yake ni ya karne nyingi, nayo inafundisha jambo ambalo sisi wenyewe tumejifunza kwa machozi katika ushirika wetu.

Tuseme neno moja kwanza. Hatuandiki ili kusifu unywaji. Wapo miongoni mwetu waliozika ndugu zao kwa sababu ya pombe, na Maandiko yenyewe hayafichi hatari hiyo. Lakini Maandiko hayo hayo yamejaa mizabibu. Isaya aliimba juu ya shamba la mizabibu la rafiki yake, na Bwana alitoa mifano ya wakulima, vibarua na wana waliotumwa shambani. Mtu asiyeijua kazi ya mzabibu husoma mifano hiyo kama kipofu apapasaye ukuta. Basi tuitazame kazi.

Shamba lenyewe

Katika jimbo la Burgundy, kati ya miji ya Dijon na Beaune, kuna safu ndefu ya vilima vifupi. Chini ya mteremko wake mmoja kipo kijiji cha Vosne-Romanée. Nyuma ya kijiji, mahali ambapo mteremko unaanza kupanda taratibu kuelekea magharibi, lipo shamba la hekta 1.8 tu, yaani ekari nne na nusu. Viwanja viwili na nusu vya mpira vingelifunika lote. Limezungukwa na ukuta mfupi wa mawe, na kando ya ukuta umesimama msalaba wa mawe ambao wapita njia wengi husimama kuutazama.

Udongo wake ni mfinyanzi uliochanganyika na chokaa. Mteremko unatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi huupasha joto mapema, na maji ya mvua hayatuami. Aina ya zabibu ni moja, Pinot noir, yenye vishada vidogo vilivyobanana. Maji ya zabibu hizo hayana rangi. Wekundu hutoka katika maganda, ambayo huachwa yachachuke pamoja na maji yake. Divai inayopatikana ni nyekundu na kavu, maana yake sukari ya zabibu imegeuka karibu yote wakati wa kuchachuka na haukubaki utamu. Kwa mwaka shamba lote hutoa chupa elfu tano au sita hivi.

Kule Dodoma mkulima anaweza kuvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Burgundy wanavuna mara moja tu, kwa kawaida mwezi wa Septemba. Wakati wa baridi mizabibu hulala, haina jani hata moja, nayo huonekana kama kuni. Hapo ndipo watu hupita safu kwa safu na mikasi, wakikata karibu kila kilichoota mwaka uliopita na kuacha machipukizi machache. Mgeni angedhani wanaua shamba. Lakini mzabibu usiokatwa hutoa majani mengi na zabibu nyingi zisizo na ladha. Bwana alipowaambia wanafunzi kwamba Baba husafisha kila tawi lizaalo, alisema juu ya mikasi hiyo. Linalokatwa ni tawi lililokwisha kuzaa.

Watawa na wanakijiji

Shamba hili lilianzia kanisani. Katika karne ya 12, watawa wa nyumba ya Saint-Vivant, iliyokuwa juu ya vilima jirani na chini ya monasteri kubwa ya Cluny, walipewa ardhi ya Vosne na mtawala wa Burgundy. Walihitaji divai kwa ajili ya misa, kwa ajili ya wageni na wagonjwa, na kwa ajili ya meza yao wenyewe. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, waliyoifuata, iliruhusu kipimo kidogo kwa siku, huku ikikiri kwamba ingekuwa heri zaidi kwa mtawa kujinyima kabisa. Tunapenda unyofu huo. Yeye aliyeweka ruhusa hakuigeuza kuwa fahari.

Watawa walikaa na ardhi ile zaidi ya miaka mia nne. Katika muda huo watu wa Burgundy walijifunza kuutambua udongo kipande kwa kipande. Walijua kwamba safu hizi hukomaa mapema, na zile zilizo hatua ishirini tu kutoka hapa hutoa divai nyingine kabisa. Elimu hiyo haikupatikana katika maisha ya mtu mmoja. Aliyeanza kuangalia alikufa, akaendelea mwingine, na mwingine. Mwaka 2015 shirika la UNESCO liliviweka vipande hivyo vya mashamba ya Burgundy katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini tusiwasahau wengine. Watawa wa Cluny walitumia sehemu kubwa ya siku katika sala, na jembe lilishikwa zaidi na wanakijiji. Mvua ilipoteremsha udongo hadi chini ya mteremko, watu hawa waliubeba mgongoni kwa vikapu na kuurudisha juu. Majina yao hayakuandikwa popote. Tunapohesabu waliojenga makanisa yetu tunataja wamisionari na wachungaji, na ni haki. Akina mama waliobeba maji ya kufyatulia matofali, je, tunawataja?

Lililotamaniwa na wakubwa

Mwishoni mwa karne ya 16 watawa, wakiwa wamebanwa na ukosefu wa fedha, waliliacha shamba mikononi mwa watu wengine. Mwaka 1760 lilinunuliwa na Louis-François de Bourbon, Mkuu wa Conti, jamaa wa mfalme, kwa bei iliyozidi sana bei ya mashamba ya jirani. Husimuliwa kwamba Madame de Pompadour, mpenzi wa Mfalme Louis XV, naye alilitamani akashindwa. Mkuu yule aliiondoa divai sokoni, akaiweka kwa ajili ya meza yake na wageni wake.

Hapa hatuwezi kumsahau Nabothi, ambaye shamba lake la mizabibu lilikuwa jirani na jumba la mfalme Ahabu, katika 1 Wafalme 21. Mkuu wa Conti hakuua mtu, alilipa fedha. Hata hivyo tunaona jinsi kitu kilichoanzishwa kwa ajili ya madhabahu na wageni kilivyofungiwa kabatini mwa mtu mmoja. Naye hakukaa nacho muda mrefu. Alikufa mwaka 1776, yakaja Mapinduzi ya Ufaransa, na shamba likanyang'anywa kutoka kwa mrithi wake na kuuzwa mnadani mwaka 1794. Nyumba ya Saint-Vivant nayo ilichukuliwa, ikabaki magofu. Cha ajabu ni kwamba jina la Conti lilibandikwa kwenye shamba wakati huo wa mnada, ili kuwavuta wanunuzi. Yeye mwenyewe alikuwa kaburini.

Wamiliki walibadilika. Mizabibu haikubadilika. Watunzaji wa zamani hawakuwa na desturi ya kung'oa na kupanda upya. Mzabibu ulipozeeka, walichukua tawi lake refu wakalizika ardhini likiwa bado limeshikana na mama yake. Tawi lilipotoa mizizi, lilisimama lenyewe. Kwa njia hiyo mizabibu ya karne ya 19 ilikuwa watoto na wajukuu wa mizabibu ya zamani, kizazi baada ya kizazi, kwa mazishi na kuamka.

Adui asiyeonekana

Katika miaka ya 1860 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kufa. Majani yalinyauka, zabibu zikakauka, na ugonjwa ukaenea kutoka safu hadi safu kama doa la mafuta. Watu walichimba mizabibu iliyokufa ili waone sababu, wasikute kitu ila mizizi iliyooza.

Mwaka 1868 kamati ndogo, ambamo alikuwamo mwanasayansi Jules-Émile Planchon, ilichimba mzabibu uliokuwa bado unaonekana mzima. Hapo ndipo walipowaona wadudu wadogo sana, wa rangi ya manjano, wamejaa wakifyonza mizizi. Waliitwa filoksera. Katika mizabibu iliyokufa hawakuonekana, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuhamia kwa jirani aliye hai. Tunaomba msomaji asiipite habari hii haraka. Katika nyumba na makanisa yetu hutafuta kosa kwa walioanguka. Tunawachimba waliokwisha kufa. Ugonjwa uko chini ya yule anayesimama vizuri na kuimba kwa sauti.

Wadudu wale walikuwa wametoka Marekani, wakisafiri na mizabibu iliyoletwa kama mapambo na majaribio. Mizabibu ya Marekani iliwazoea, iliishi nao bila kufa. Ya Ulaya haikuwa na kinga. Serikali ya Ufaransa iliahidi zawadi ya faranga 300,000 kwa atakayepata dawa. Watu walileta kila aina ya mapendekezo, mengine ya kuchekesha, na zawadi haikulipwa kwa yeyote.

Zilibaki njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kudunga ardhini dawa kali, mchanganyiko wa kaboni na salfa, mzabibu kwa mzabibu. Dawa hiyo iliua wadudu, lakini ilikuwa ya hatari na ya gharama, na ilibidi kurudiwa tena na tena. Njia ya pili ilikuwa ile ambayo wakulima wetu wa korosho na maembe huiita kubebesha: kuchukua kikonyo cha mzabibu wa Ufaransa na kukifunga juu ya shina la mzabibu wa Marekani. Mizizi ingekuwa ya kigeni, yenye kustahimili mdudu. Matunda yangekuwa yale yale ya kale.

Watu wengi waliona njia ya pili kuwa aibu. Mizabibu ya Marekani ilikuwa ya mwituni, na zabibu zake zilidharauliwa. Tena ndiko alikotoka muuaji. Waliuliza, je, dawa nayo itoke huko huko? Katika Burgundy mashina ya Marekani yalikatazwa na sheria hadi 1887. Baada ya hapo mashamba karibu yote yalikubali. Romanée-Conti lilikataa.

Mwaka huu nao

Katika Luka 13 Bwana alisimulia juu ya mtini usiozaa, uliopandwa katika shamba la mizabibu. Mwenye shamba akaamuru ukatwe. Mtunzaji akaomba uachwe mwaka huo nao, aupalilie na kuutilia samadi. Kwa zaidi ya nusu karne watunzaji wa Romanée-Conti waliomba maombi hayo. Kila mwaka walidunga dawa ardhini, na kila mwaka mizabibu ya kale, juu ya mizizi yake yenyewe, ilitoa zabibu. Watu wa mashamba jirani walikuwa wamekwisha kupanda upya. Hawa walisema: bado.

Hatuwacheki. Upendo wao ulikuwa wa kweli. Waliona mikononi mwao kitu kilichopita kwa vizazi vingi bila kukatika, nao hawakutaka kuwa kizazi cha kukikata.

Ikaja Vita Kuu ya Pili. Dawa ikakosekana, na wafanyakazi wakapungua. Mizabibu ikadhoofika. Masika ya mwaka 1945, vita vikiwa vinaisha, baridi kali iliunguza machipukizi. Vuli ile shamba zima lilitoa chupa 600 hivi, kama sehemu ya kumi ya zinazopatikana leo. Baada ya mavuno hayo wenye shamba waliamua. Mizabibu yote iling'olewa.

Ardhi iliachwa ipumzike. Mwaka 1947 ilipandwa upya, mara hii kwa vikonyo vya Pinot noir vilivyobebeshwa juu ya mashina ya Kimarekani. Mizabibu michanga haitoi divai ya kufaa. Kutoka 1946 hadi 1951 hakukuwa na hata chupa moja yenye jina la Romanée-Conti. Iliyofuata ni ya mwaka 1952.

Katika Walawi 19 Mungu aliwaagiza Israeli wasiyale matunda ya miti michanga kwa miaka mitatu, ya mwaka wa nne yawe matakatifu kwa Bwana, na mwaka wa tano wale. Hatusemi kwamba wakulima wa Vosne walifuata agizo hilo. Tunasema tu kwamba hesabu zinakaribiana, kutoka 1947 hadi 1952, na kwamba udongo unamfahamu Mungu aliyeuumba. Miaka ile walilima, walipogoa, walipalilia, na mwezi wa Septemba ulipofika hawakuwa na divai ya kuuza kutoka shamba hili.

Juu ya mizizi ya wengine

Mtume Paulo aliutumia mfano wa kupandikiza katika Warumi 11. Alisema na watu wa Mataifa, yaani sisi: ninyi mlikuwa matawi ya mzeituni mwitu, mkapandikizwa katika mzeituni mwema. Msijivune basi, kwa maana shina ndilo linalolichukua tawi. Paulo mwenyewe alikiri kwamba mfano wake unakwenda kinyume cha desturi ya wakulima. Mkulima huchukua kikonyo chema akakiweka juu ya shina la mwituni, kama walivyofanya Vosne. Mungu alifanya kinyume, akachukua kilicho duni akakiweka juu ya kilicho chema. Lakini katika hali zote mbili tawi linaishi kwa nguvu isiyo yake, na likisahau hilo limekwisha.

Sasa tuseme habari zetu wenyewe. Kwa miaka mingi ushirika wetu ulikuwa na ibada moja tu, kwa lugha ya wazee wetu. Katika lugha hiyo babu zetu walibatizwa, na nyimbo walizotunga katika lugha hiyo ziliwavusha katika njaa na misiba. Kisha watu wa makabila mengine wakahamia kwetu, na watoto wetu wenyewe wakakulia mashuleni. Wakaomba ibada ya Kiswahili. Tulikataa. Tulisema Kiswahili ni lugha ya pwani na ya soko, haina mizizi hapa. Mwaka huu nao, tulisema, na mwaka uliofuata tulisema vile vile. Benchi za nyuma zikawa tupu. Wengine walikwenda kusali kwingine, na wengine hawakwenda popote.

Baraza la wazee lilipokubali hatimaye, mzee mmoja aliinama akalia, na hakuna aliyemlaumu. Miaka ya kwanza ilikuwa mikavu. Vijana hawakurudi mara moja kama tulivyotegemea, na wazee kadhaa waliacha kuja. Tulipiga kengele, tukafundisha, tukatembelea nyumba kwa nyumba, na sadaka ilikuwa ndogo. Katika miaka hiyo mama mmoja wa kwaya alikaa na vijana wanne jioni za Jumatano, wakazigeuza nyimbo za wazee kuwa Kiswahili, mstari kwa mstari, huku wakiacha sauti zake kama zilivyokuwa. Hivyo vilikuwa vikonyo vyetu. Leo watoto ambao hawajui neno moja la lugha ile wanaimba sauti za babu zetu.

Tumepoteza kitu, hatukatai. Yako maneno ya sala ambayo Kiswahili hakiyafikii, nayo yatazikwa pamoja na wazee wa mwisho. Tulichojifunza ni kwamba tulikuwa tumechanganya mambo mawili. Tulidhani kuulinda mzizi na kuulinda uhai ni jambo moja. Tena tulisahau kwamba hata imani ile ya babu zetu ilikuja kwao kutoka mbali, juu ya shina la Israeli, kwa mikono ya wageni. Hatukuwahi kuwa na mizizi yetu wenyewe.

Kikombe

Oktoba 2018, huko New York, chupa moja kati ya zile 600 za mwaka 1945 iliuzwa mnadani kwa dola za Marekani 558,000. Hatumjui aliyeinunua, na hatumhukumu. Lakini tunawaza juu ya safari hiyo: kutoka kikombe cha watawa, wageni na wagonjwa, hadi kabati la Mkuu wa Conti, hadi mnada. Chupa ile inapendwa kwa sababu ni ya mwisho. Ndani yake mna mizabibu ambayo haipo tena.

Wakati huo huo shamba liko pale, juu ya mizizi ya kigeni, na kila Septemba linavunwa. Wenye shamba wa siku hizi wamesaidia pia kuyaokoa magofu ya Saint-Vivant yasianguke, ili wasisahau walioanza.

Jumapili ijayo kikombe kitapita mikononi mwetu. Divai yake itakuwa ya bei ndogo, nasi hatutalipa hata hiyo. Tutakapoipokea, tumkumbuke yeye aliye shina letu. Kisha kila mmoja ajiulize mbele zake ni jambo gani nyumbani mwake, au katika ushirika wake, analiombea mwaka mmoja zaidi, na kama ni kwa imani au ni kwa hofu. Na akiona wakati wa kung'oa umefika, aombe pia moyo wa kulima miaka ile ambayo hakuna kitakachovunwa.